Vitabu Viwili, Kamba Moja: Maisha ya Mzee Simeon Thuo

Waombolezaji, majirani wetu wa Kiplombe, na ninyi mliofunga maduka mjini mkaja kutusindikiza, mimi ni Nduta, mwalimu, binti ya Macharia, kaka ya marehemu. Familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya Mzee Simeon Thuo. Kamati ya mazishi iliniomba nibadilishe jambo moja, nami nimekataa, na nikilifikia mtalijua.

Marehemu alizaliwa mwaka wa 1919 huko Murang'a, mtoto wa pili wa Mzee Gathogo na Mama Nduta, ambaye mimi nina jina lake. Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka wa 1929, akafika darasa la tano, na nyumbani ilisemekana kwamba aliwachosha walimu kwa kubishana na kile kilichoandikwa ubaoni.

Mwezi wa Februari 1941, chifu wa kwao aliita baraza, akatangaza kwamba vita vinahitaji vijana, kila nyumba itoe mmoja, na nyumba itakayomtoa kwa hiari haitasumbuliwa tena. Marehemu hakuwa na mke, naye kaka yake Macharia alikuwa na mke na mtoto mchanga, yaani mimi, kwa hivyo akainua mkono. Hapa ndipo kamati ilipotaka niseme kwamba alishikwa kwa nguvu, ili vijana wa leo wasije wakamwita kibaraka wa mzungu. Hakushikwa, alijitolea. Aliliamini neno la chifu, na hilo ndilo lililokuwa kosa lake, kwa maana mwezi wa Aprili, yeye akiwa bado kwenye mazoezi ya Keya, jeshi la Mwingereza, askari wa chifu walizunguka soko wakamkamata baba yangu akiwa ameshika mbuzi wa kuuza. Baba alikufa Burma mwaka wa 1944, na ndugu hao wawili hawakuonana tena.

Marehemu aliachiliwa jeshini mwaka wa 1946, akaendesha lori, na tarehe 7 Agosti 1948 alifunga ndoa kanisani na Mama Wahu, aliye hapa mbele yetu. Walijaliwa watoto wanne, na yule wa tatu wa kiume wakampa jina la Macharia. Mama yangu alipofariki mwaka wa 1949, walinichukua, na katika nyumba hiyo sikuwahi kuitwa yatima hata siku moja.

Baada ya miaka mingi katika duka la vitabu huko Nakuru, alihamia Eldoret mwaka wa 1964, akafungua duka lake karibu na lile la Mzee Farah Nur, aliyeendesha lori za jeshi naye huko Burma wakati wa vita. Mteja akiuliza historia ya vita, marehemu alimwekea mezani vitabu viwili vilivyofungwa pamoja kwa kamba ya katani, kimoja chekundu, cha afisa mmoja aliyesifu vijana waliojiunga wakiimba, na kingine chembamba, kilichosimulia waliokamatwa sokoni na njiani. Alisema vyote viwili ni kweli, na anayesoma kimoja amedanganywa. Mwaka wa 1971 mwalimu mkuu mmoja alitaka chekundu peke yake kwa shule nzima, akamsihi, Mzee, si ukate tu hiyo kamba, na marehemu akamjibu kwamba akitaka ataikata akishafika kwao, lakini hapa dukani hivi havitaachana. Mwalimu mkuu akaenda kununua Kitale. Mama Wahu alikasirika kwelikweli, na nadhani hasira hiyo haijaisha.

Mwaka wa 1966 alijiunga na wenzake kununua shamba la mzungu aliyekuwa akihama, hili tulilosimama juu yake. Siku ya kuchagua mwenyekiti, watu walipiga kelele kwamba huyu alikuwa askari wa mzungu, na rafiki akamnong'oneza aseme tu alishikwa, kama walivyosema wengine. Akasimama, akasema alijitolea, akashindwa, akaketi. Jumatatu alikuwa wa kwanza kufika kupima mipaka.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka wa 1974, na Oktoba 1976 akalazwa. Akiwa kitandani aliniuliza nitasoma nini siku kama ya leo, akaniambia kwamba nikisema yeye alishikwa, nitakuwa nimemnyang'anya baba yangu ukweli wake, kwa sababu aliyeshikwa alikuwa Macharia. Nililia, naye akanikaripia kwamba mwalimu halii akisahihisha. Alituaga tarehe 19 Novemba, asubuhi, Mama Wahu akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliotuletea kuni na maziwa, wanachama wa shamba, wakiwemo wale waliompigia kelele, na Mzee Farah Nur, aliyefungua duka la marehemu kila asubuhi tangu alipolazwa, na ambaye jana alinipa vile vitabu viwili vilivyobaki, akisema vikae nami.

Baba mdogo, wewe ulijitolea, na baba yangu alishikwa, na leo watu wote wamesikia yote mawili. Pumzika kwa amani, kamba hatujaikata.