Mwanangu Aliyeimba Kutoka Chini ya Kifusi

Bwana asifiwe, ninyi mliokaa na ninyi mliosimama mlangoni! Mimi ni bibi wa jembe, wa Ushetu. Shule niliishia kwenye kuisoma Biblia tu.

Mwanangu Shija alikuwa manju, mwimbaji wa ngoma. Akaenda Geita kuchimba dhahabu, duara, lile shimo la machimbo, likabomoka likamfunika. Hakutolewa. Tulikaa matanga bila kaburi.

Ndugu zangu, mvua zilipokuja, pikipiki ikapita njiani na spika, nikamsikia Shija anaimba. Wimbo mpya! Anamtaja binti yake Limi, aliyezaliwa yeye akiwa tayari chini ya kifusi. Halafu ananiita mimi mama yake: "Mayu, mahindi yamebeba?" Jembe likanidondoka.

Nikajua hajafa, kachukuliwa msukule, mchawi kamficha anamtumikisha! Kila jioni nikamwekea ugali mlangoni. Asubuhi sahani tupu. Mbwa sikumwaza. Matanga nikakataa yasianuliwe. Na moyo wangu ukamchagua mchawi: jirani yangu Mama Ng'washi, kwa macho yake mekundu ya moshi wa jikoni. Vijana wakanijia: "Bibi, wewe taja jina tu." Mnajua kwetu, jina likishatajwa panga halilali.

Mjane wa Shija, Mama Limi, akapiga magoti. "Mayu, kabla hujataja, twende mjini Nyasubi, wanakorekodi nyimbo hizo."

Tukamkuta kijana na kompyuta yake. "Shikamoo bibi. Mashine imejifunza sauti ya Shija kwenye nyimbo zake za zamani. Maneno natunga mimi. Habari za mtoto ziko mtaani."

Marahaba sikuitika. Nilimgombeza, anachezea wafu, hana mama huyu! Nikagomba mpaka pumzi ikaniishia. Yeye kumbe ananirekodi, anabonyeza kompyuta.

Yesu wangu! Nikajisikia naimba. Sauti yangu, mkwaruzo wangu, wimbo nisioujua. Na mdomo nimeufumba, nimeushika kwa mkono!

"Haya bibi," akasema, "na wewe ni msukule?"

Pingu zikakatika hapo! Nikalia kilio ambacho msibani hakikutoka. Niliporudi, kabla ya kwangu, niliingia jikoni kwa Mama Ng'washi. Moshi ukaniuma, na mimi macho yakawa mekundu. Matanga yalipoanuliwa, yeye ndiye aliyeninyoa nywele. Nikainama chini ya wembe wake. Asante, Bwana!

Pikipiki bado inapita. Juzi Shija kaniita tena, wimbo mpya. Siitiki. Ndugu zangu, ukiitwa na sauti ya mtu uliyemlilia, jina la jirani usilitaje. Taja la Yesu, kisha ukamsalimie jirani.