Goti ya Masika

Leo ndani ya taxi ya kwenda mutaa wa Kyeshero nilikaa karibu na Masika, mushambuliaji wa timu ya mupira ya babinti. Pembeni yake kulikuwa docta mumoja wa recherche, mwenye kufanya utafiti juu ya maumivu ya bachezaji.

"Dada Masika, mwaka hii tunataka bachezaji mukuwe bapartenaire betu, tutumike pamoja," docta akasema. "Mutusaidie kupanga maulizo ya utafiti juu ya magoti."

Masika akacheka vibaya. "Partenaire? Mwaka jana nilikuambia weye peke yako goti inaniuma, ukaenda kuambia coach. Nikakaa pa banc bila kucheza saison nzima!"

"Ilikuwa juu ya afya yako. Unakimbia pa mawe ya volcano na goti ya mama muzee!"

"Basi ulizo ya kwanza napanga mie: nani atasikia majibu? Kama ni coach, siye bote tutajibu tuko bazima."

"Coach naye ni partenaire."

"Muoane, basi!"

Nilitaka kucheka, haya ikanishika, nikaangalia dirisha.

Taxi ikasimama pa terrain ya mupira. Coach alikuwa amesimama pa mulango. Masika akashuka kwa kushikilia bega yangu, akaikaza sana. Kisha akamupita coach akitembea sawa, hata kuchechemea hapana. Docta akamuangalia tu.

Bega yangu ingali inaniuma.