Nguzo Walizonikatia Kabla Sijafa

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena, maana leo ninalitamka jina lake kwa pumzi moja bila kukohoa katikati. Ninyi mlioketi karibu nami kanisani mwaka uliopita mnajua kwamba hilo peke yake ni muujiza.

Mimi ni mtoto wa hapa Navakholo, ingawa kwa miaka mingi Navakholo ilinisikia kwa simu tu. Nilipomaliza kidato cha nne niliondoka, na miguu yangu haikujua tena kutulia. Nimebeba magunia Mombasa, nimechuma chai Kericho, nimechanganya saruji kwenye joto la Lodwar, nimevuna mahindi Lumakanda. Kila mahali nilikaa mpaka nilipoanza kuzoea sauti za majogoo wa majirani, kisha nikafunga begi. Na kila nilikokwenda, sigara ilitangulia.

Nianzie kwa kukhu, nyanya yangu aliyenilea, maana moto wangu ulitoka kwake. Kukhu alivuta jinsi walivyovuta akina mama wazee wa kwetu: ncha yenye moto ndani ya mdomo, midomo imefungwa. Alipepeta mahindi huku moshi ukimtoka puani polepole, na mgeni angedhani ni baridi ya asubuhi tu. Aliniita, "Omwana wanje, mwanangu, niletee moto," nami nilikimbia jikoni nikarudi na kaa jekundu juu ya gunzi la hindi. Halafu alinisimulia hadithi. Nilipokuwa kidato cha pili, kukhu alifariki. Leso yake ilibaki na harufu ya tumbaku, na mimi nikalala nayo mpaka harufu ikaisha.

Ndugu zangu, wengine walianza kuvuta ili waonekane wanaume. Mimi nilianza kwa sababu ya upweke. Nikiwa mbali, katika chumba cha kupanga, niliwasha moja na mara kukhu alikuwa karibu. Ndivyo nilivyodhani.

Je, nilijaribu kuacha? Nilijaribu sana! Lakini nilikuwa na njia moja tu: kuhama. Nilidhani sigara inakaa Mombasa, nikahamia Kericho. Nilidhani inakaa Kericho na ile baridi yake, nikaenda Lodwar. Kila safari nilitupa pakiti mtaroni kabla ya kupanda gari, nikaapa. Nilipofika mji mpya nilishuka, nikanyoosha mgongo, na kabla sijaulizia choo nilikuwa nimeshajua sigara zinauzwa wapi.

Kituo cha mwisho kilikuwa Amalemba, mjini Kakamega. Hapo kikohozi kilianza kunitawala. Nilikohoa mpaka mpangaji wa chumba cha pili akawa anagonga ukuta. Mwili ulikwisha, suruali ikashikiliwa na kamba. Daktari alinipima, akaniambia kifua bado hakijafika pabaya, lakini kinaelekea huko, na kwamba dawa yake nitaibatilisha mwenyewe kila nikiwasha. Nilimshukuru. Nilipotoka getini niliwasha.

Basi nikarudi nyumbani kwa mama. Asubuhi moja nikasema nimsaidie kuchota maji. Kutoka chemchemi ni mlima, si mkubwa, watoto huupanda wakiimba. Mimi nilifika katikati nikaweka jerikeni chini, nikashika magoti, hewa ikakataa kuingia. Mama yangu, mwanamke wa mvi, alinipita, akarudi, akalichukua jerikeni langu akaliweka kichwani.

"Leta," alisema. "Wewe beba kifuniko."

Alisema kama mzaha. Lakini hakucheka, wala mimi sikucheka.

Siku chache baadaye niliona nyuma ya ghala nguzo za mkaratusi zimekatwa, zimetolewa magome, zimepangwa vizuri. Kando yake kulikuwa na mabati ya zamani yaliyofungwa kwa waya. Baba yangu mdogo, ndugu wa marehemu baba, alikuwa amekaa hapo akinoa panga.

"Baba, hizi nguzo ni za nini?" nilimwuliza.

"Za kazi."

"Kazi gani?"

Aliendelea kunoa. "Wewe uko na nyumba hapa?"

"Sina."

"Basi usiulize maswali ya mtu ako na nyumba."

Ndipo nilipoelewa. Wenzangu wa huku mnaijua desturi. Mwanamume mzima hazikwi nyumbani kwao kama hajawahi kujenga. Akifa hivyo, ndugu zake wanamsimamishia kibanda haraka haraka, ili atoke mlangoni kwake kama watu wengine. Baba mdogo alikuwa amenitazama nikipanda ule mlima, akaenda kukata miti. Hakunichukia. Alikuwa anataka tu nisitiwe aibu.

Na mnajua nilifanya nini baada ya kuona nguzo za kifo changu? Nilikwenda nyuma ya choo kuvuta sigara! Hivyo ndivyo utumwa ulivyo. Bahati yangu, au niseme rehema ya Mungu, kibiriti kilikuwa kimelowa.

Ilikuwa siku ya soko. Nikatoka mbio, yaani mbio za mtu mgonjwa, kutafuta moto. Wa kwanza niliyemkuta ni Ainea, anayeuza mukombero, ule mzizi wa msitu wetu ambao watu hutafuna.

"Bwana, nisaidie moto," nikamwambia.

"Moto niliuacha. Kuna mzizi."

"Sikuomba mzizi."

"Najua. Hata mimi sikuuomba." Akanikatia kipande. "Tafuna kwanza. Sigara haitakimbia, ninaijua. Haijawahi kukimbia mtu."

Akaniongoza hadi benchi lililo nyuma ya kinu cha kusagia unga. Mama mmoja muuza nyanya alipotuona akapaza sauti, "Haya! Zimamoto wamepata nyumba ingine inaungua!" Soko likacheka. Zimamoto ndilo jina walilopewa na watu, nao hawakulikataa.

Kwenye benchi nikawakuta wawili. Mmoja ni Rajabu, fundi wa pikipiki, mtu wa Mumias aliyeoa huku. Wa pili ni Mama Rasoa, bibi mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto. Hao wawili na Ainea, wote watatu walikuwa wavutaji. Desturi yao ni nyepesi: ukibanwa na hamu, unakuja benchini au unapiga simu, na mwenzako anaacha alichokishika anakaa nawe mpaka wimbi lipite. Ukianguka, unarudi. Hakuna anayekuhubiria, kwa sababu hakuna ambaye hajaanguka.

Rajabu aliniambia, "Mimi mwezi wa Ramadhani nilikuwa nafunga kutwa nzima bila moshi, vizuri tu. Jioni adhana ikilia, mkono unaruka tende unakwenda kwa sigara. Mwaka mmoja mke wangu akaniuliza, 'Kumbe mchana unawezanga?' Swali hilo lilinikosesha raha. Nikaongeza mchana mmoja, nikaongeza mwingine. Alhamdulillahi."

Siku hiyo nilimpa Mama Rasoa pakiti yangu. Aliibeba kwa ncha za vidole kama panya aliyekufa, akaitupa chooni. Ainea alituombea, Rajabu akainua mikono yake kwa namna yake, na mimi nikasema, "Bwana Yesu, nimejaribu miji yote. Sasa nakujaribu wewe."

Ndugu zangu, sitawadanganya kwamba niliamka malaika! Niliamka na hasira. Kichwa kiligonga, nilimgombeza jogoo kwa kuwika. Chai bila sigara ilikuwa kama mazishi bila wimbo. Nilitafuna mukombero mpaka taya zikauma. Nilikimbilia benchi asubuhi, nikakimbilia tena mchana. Mara mbili nilianguka, nikarudi nikinuka moshi na aibu, na Ainea akasogea tu kunipa nafasi.

Kisha ule ugonjwa wangu wa zamani ukaamka. Sauti ikaniambia: Lumakanda wanavuna. Huko kuna kazi, huko hakuna anayekujua, huko utaacha vizuri zaidi. Nikafunga begi. Mama alinitazama kutoka mlango wa jikoni. Nikafika stendi, nikaweka begi chini ili nitafute nauli mfukoni. Nilipogeuka, Mama Rasoa alikuwa amelikalia.

Sijui hadi leo nani alimwambia. Alikuwa amekaa juu ya begi langu, kikapu mapajani, kama mtu aliyefika kwake.

"Mama, inuka tafadhali. Gari linajaa."

"Lijae tu. Hata mimi nimejaa."

Makanga akaja. "Mathe, panda ama utoke njiani!"

"Wee kijana, mimi ni mzigo wa huyu. Nauli yangu mwulize yeye." Watu wakacheka. Akanigeukia, sauti ikashuka. "Unaenda wapi?"

"Lumakanda. Kuna kazi ya mahindi."

"Na sigara? Inaenda na wewe, ama unamwachia mama yako?"

Nikakasirika. Nikamwambia kwamba hanijui, kwamba hajui sigara kwangu ni nini. Nikajikuta namweleza, pale pale mbele ya abiria, habari za kukhu: moto ndani ya mdomo, kaa juu ya gunzi, leso. Nikasema, "Nikiacha kabisa, nitakuwa nimemwacha yeye."

Mama Rasoa alikishusha kikapu chini. Kisha akasema, "Kukhu wako nilimjua. Tulikuwa tunavuta pamoja pale chemchemi, yeye mkubwa, mimi bibi harusi mpya. Kila jioni alisema, 'Rasoa, kesho naacha. Ulimi wangu umeungua, siisikii hata ladha ya mboga ya mrenda.' Na kila asubuhi mimi ndiye nilimpelekea tumbaku. Nilidhani ndiyo mapenzi." Akajifuta uso kwa kitambaa. "Kukhu wako alitaka kuacha, mwanangu. Hakupata mtu wa kumkalia begi. Wewe umepata. Siinuki."

Gari likaondoka. Lile la pili nalo likaondoka.

Ndugu zangu, mimi mtu mzima nilikaa chini kwenye vumbi la stendi nikalia. Miaka yote nilikuwa nimebeba moto wa kukhu nikidhani ni urithi, kumbe ulikuwa mzigo aliotaka kuutua! Rajabu alifika na pikipiki, mikono imejaa grisi. Ainea akaja na mizizi yake. Tuliomba hapo hapo kati ya makanga na wauza njugu, na nikahisi kitu kimeachilia kifua changu, kama kamba iliyokatwa. Haleluya! Mungu hakunitumia malaika mwenye mabawa. Alinitumia mama mzito wa kukaa.

Tangu siku hiyo sijawasha tena. Hamu ilikuja, sitaficha. Lakini ilikuja kama mgeni ambaye hajakaribishwa kiti: inasimama mlangoni kidogo, inakwenda zake. Pumzi ilirudi polepole. Mrenda wa mama ukapata ladha niliyokuwa nimeisahau tangu utotoni, na nilipoomba niongezwe, mama akageuza uso ukutani ili nisimwone. Na asubuhi moja niliupanda mlima wa chemchemi na jerikeni begani, sikuliweka chini hata mara moja. Mama alinifuata nyuma. Yeye alibeba kifuniko! Alipofika juu akapiga vigelegele peke yake, majirani wakatoka kuuliza kuna harusi ya nani.

Hapo nikaenda kwa baba mdogo.

"Baba, naomba zile nguzo."

Akaacha panga. "Za nini?"

"Nijenge. Nikae ndani nikiwa hai."

Alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni, kisha akashika kichwa. "Basi nimekosea! Nilikata fupi. Maiti hasimami."

Tulicheka, ndugu zangu, tukacheka mpaka tukashikana mabega, na nikahisi mabega yake yanatetemeka kwa kitu kingine zaidi ya kicheko. Kweli zilikuwa fupi. Mtu aliye hai angegonga kichwa. Lakini habari zikafika benchini. Ainea akaleta nguzo moja ndefu, Rajabu akaleta moja akiwa ameifunga kwenye pikipiki kwa namna ya kutisha, baba mdogo akakata moja kutoka mti wake mzuri kabisa. Mama Rasoa alituma ya nne, na salamu kwamba ni kwa niaba ya kukhu. Hizo ndizo pembe nne za nyumba yangu. Zile fupi hatukuzitupa. Ziko chini ya madirisha na kwenye ukuta wa katikati, na kila nikiegemea hapo namshukuru Mungu, kwa sababu naegemea kaburi nililolikosa.

Wanakwaya wengi mlikuja siku ya kukandika udongo, na mchungaji alipaka matope mpaka kwenye miwani. Mulembe, amani kwenu nyote! Asanteni. Asante mama, asante baba mdogo. Asante Zimamoto, pamoja na Rajabu ambaye ameketi nje chini ya dirisha akisikiliza.

Sitasema miguu yangu imesahau barabara. Bado nikisikia honi asubuhi moyo unaruka. Lakini begi langu halipatikani: liko kwenye kona ya nyumba, na kuku wa mama amelalia mayai ndani yake. Nani atamwamsha?

Sasa wewe unayesoma au kusikia haya, mwenye kitu kinachokuvuta na kukuhamisha, usimkimbilie Mungu katika mji mwingine. Yuko hapa ulipo, na ana watu. Mwamini yeye, na ukubali wenzako wakushike. Benchi liko nyuma ya kinu, siku ya soko hukosi mtu. Kama umeshafunga begi, usilifungue. Njoo nalo hivyo hivyo. Mama Rasoa yuko, na hajapungua uzito.