Mwalimu Fidelina Rosero na Swali la Mama Nelcy

Padre, wafiwa wenzangu, majirani wa San Isauro, nanyi mliopanda kutoka Pasto kwa barabara ile mbovu, mimi ni Segundo Rosero, mdogo wake marehemu na kitinda mimba wa nyumba yetu, na ukoo umenituma nisome maisha yake kwa sababu, wanasema, mimi silii upesi. Tutaona.

Fidelina Rosero Burbano alizaliwa hapahapa San Isauro tarehe 3 Machi 1948, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Abelardo, mkulima wa viazi, na mama Encarnación, ambaye hakuwahi kushika kalamu mpaka binti yake alipomshikisha. Alisoma shule yetu ya msingi, akapelekwa kwa masista mjini Pasto, akahitimu ualimu Julai 1967, na mwaka huohuo akakabidhiwa darasa la kwanza na la pili, yote mawili katika chumba kimoja, hawa wakitazama ubao wa mbele na wale wa nyuma, naye akizunguka katikati kama mama mwenye vyungu viwili jikoni.

Nilikuwa miongoni mwa wanafunzi wake wa kwanza, na undugu haukunisaidia kitu. Tulianza kusoma kwa majina ya mama zetu, tukajumlisha kwa punje za mahindi, ambazo mimi nilizila kabla ya kupata jibu, tukaotesha maharage kwenye pamba, tukasimama uani na kunyoosha mikono kuonyesha pande nne za dunia, tukakaguliwa kucha na masikio. Sheria yake ilikuwa moja: jioni, kabla ya kuonja supu, kila mtoto amfundishe mama yake alichojifunza siku hiyo. Wazazi wetu wengi hawakusoma, na hivyo San Isauro nzima ilisomeshwa na walimu wenye mapengo ya meno.

Tarehe 14 Februari 1970 alifunga ndoa na Laureano Insuasty, seremala, aliyetutangulia mwaka 2011, na Mungu akawajalia Edilberto mwaka 1971 na Amparo mwaka 1974.

Sasa nafika mahali ambapo wengine walitaka niparuke. Mwanzoni mwa mwaka 1979 mlima ulianza kunguruma na kumwaga majivu juu ya nguo tulizoanika, wazee wakasema tuhame, lakini kitabu cha sayansi cha darasa la pili, kilichoandikwa na mtu ambaye hajawahi kuuona mlima wetu, kilisema volkano hii imelala, na dada yangu akafundisha kama kitabu kilivyosema, na jioni watoto wakawafundisha mama zao. Nilimsikia kwa masikio yangu mwanamke mmoja wa mtaa wa chini akimzuia mkwewe aliyekuwa anafunga mizigo: "Acha woga, mama, mwalimu kasema umelala!" Ijumaa tarehe 11 Mei, alasiri, watoto wakiwa wamekwisha kurudi nyumbani, tope lilishuka na mto na kuuchukua mtaa wa chini wote. Shule, kwa kuwa iko juu, mbali na mto, haikupata hata ufa.

Mama Zoila Chamorro, aliyeketi pale mbele, siku ile alikuwa sokoni Pasto akiuza vitunguu, na binti yake Nelcy, wa darasa la pili, alikuwa nyumbani kwao, mtaa wa chini, akimngoja. Mazishi ya pamoja yalipokwisha alikuja kwetu, sote tukajua amekuja kutukana, na haki hiyo alikuwa nayo. Hakutukana. Alisema, "Mwalimu, siku ile Nelcy alijifunza nini? Jioni hiyo hakunifundisha."

Dada hakukumbuka. Ilikuwa Ijumaa kama Ijumaa nyingine, na nani huiweka moyoni siku ya kawaida? Mama Zoila akarudi mwaka uliofuata tarehe ileile, na kila mwaka baada ya hapo, wakawa wanakunywa kahawa, swali likiulizwa na kubaki mezani. Mimi nilimwambia, "Dada, mwambie chochote, sema mtoto alisoma vizuri ukampongeza, nani atajua?" Akanijibu, "Segundo, niliwahi kuwaambia watu nisichokijua. Sirudii."

Aliendelea kufundisha mpaka alipostaafu Juni 2008, akiuliza swali darasani na kungoja muda mrefu kupita kiasi, macho yakiwa kwenye kiti cha Nelcy, ambacho hakuna mtoto aliyekatazwa kukikalia, ila watoto wenyewe walikikwepa. Alisema saa ya kutoka shule husikia watoto wakikariri huko mtaa wa chini, ambako siku hizi kuna nyasi na ng'ombe tu. Nilimcheka, mpaka alasiri moja nikasikia na mimi, na hili nalisema mbele ya padre.

Figo zilianza kumsumbua Novemba 2023, akalazwa Pasto, akarudishwa nyumbani baada ya karnivali ya Januari. Jumatatu iliyopita, mchana, alianza kufundisha kitandani, silabi, hesabu, maharage, kisha akaita, "Nelcy, njoo ubaoni. Nne na tatu?" Akangoja. Mama Zoila, miaka sabini na minane, akainuka kwenye kiti chake kando ya kitanda, akashika sketi yake, akasema kwa sauti ndogo, "Saba, mwalimu."

"Vizuri, Nelcy. Kaa."

Amparo aliuliza kwa kunong'ona kama hiyo ndiyo ilikuwa siku yenyewe, ile Ijumaa ya tope. "Sijui, mwanangu, wala yeye hajui," Mama Zoila akasema, kisha akainama sikioni kwa dada: "Mwalimu, mimi huku sikuulizi tena. Ukifika, muulize mwenyewe, nami nikija mtaniambia." Dada alifumbua macho, akamshika mkono, na asubuhi ya Jumanne, tarehe 12 Machi 2024, akafariki.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wenzake, majirani mlioleta viazi na kuni, na Mama Zoila, aliyekesha nasi wakati hakuwa na deni lolote kwetu.

Watu wengine huombewa wapumzike papo hapo. Wewe, dada, kuna mtoto unayepaswa kumwona kwanza. Kamuulize, msikilize mpaka amalize, kisha upumzike kwa amani.