Historia ya Marehemu Yahye Bishar Kerrow na Mti Alioupa Jina Lisilo Lake

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, mwingi wa rehema. Masheikh, wazee, ndugu na majirani mliofika katika tanga hili, familia inawasomea maisha ya marehemu kwa utaratibu wake, na inawaomba msikilize hadi mwisho, kwa kuwa sehemu iliyo nzito kwetu aliagiza yeye mwenyewe isomwe.

Yahye Bishar Kerrow alizaliwa tarehe 12 Machi 1966 huko Banissa, mtoto wa tatu wa mzee Bishar Kerrow na mama Yurub Adow, wafugaji wa ngamia. Alianza shule ya msingi huko huko mwaka 1974, akasoma sekondari mjini Garissa, akahitimu shahada ya misitu mwaka 1991, na tarehe 20 Agosti mwaka uliofuata akamwoa Bi Rahmo Yarrow, aliyemzalia Bishara na Hinda.

Mwaka 1996 alikwenda Minnesota, Marekani, kwa shahada ya uzamili, na huko akaupenda mti uitwao elm ya Marekani, ambao matawi yake hupanda juu kisha yakainama, yakafunika barabara nzima kwa kivuli. Mwezi Mei 1998, akijiandaa kurejea, aliokota mbegu kando ya njia. Mbegu za elm huanguka majani yakiwa bado machanga, hivyo hakuwa na jani lililokomaa la kumhakikishia ni za elm ipi. Alipoajiriwa kufundisha katika chuo cha misitu mjini Garissa, alizipanda karibu na lango la chuo bila kuchelewa, kwa kuwa hazikai muda mrefu bila kuharibika, akazinywesha maji ya Mto Tana, akauzungushia uzio wa miiba mche mmoja uliosalia, huku Bi Rahmo akimtania, "Baba Bishara, huyo mgeni wako wa baridi tumnunulie blanketi, au tumchinjie mbuzi?" Mti ulikua, akauwekea kibao kilichoandikwa "Elm ya Marekani", mji ukambandika jina la Yahye Mareykan, yaani Yahye Mmarekani, naye akalipenda.

Tarehe 8 Novemba 2012, katika mtihani wa kutambua miti, mwanafunzi wake Kowsar, binti kutoka mji wa Rhamu, alisema mti ule ni elm ya Siberia, akaeleza kwamba jani la elm ya Marekani lina meno mawili mawili, kubwa na dogo, na kitako chake, pale kwenye kikonyo, kimeshuka upande mmoja, ilhali jani hili ni dogo, meno yake ni ya safu moja, na kitako kinakaribia kulingana. Marehemu alimjibu mbele ya darasa, "Binti, mimi nimelala chini ya mti huo kwao. Wewe umeuona wapi, sokoni Rhamu?" Darasa likacheka, Kowsar akafelishwa, akarudi kwao bila cheti. Jioni ile ile marehemu alichuma jani, akalitazama kwa lenzi, akajua kwamba binti alisema kweli, akanyamaza. Tangu hapo aliingia chuoni kwa mlango wa nyuma ili asiupite mti ule.

Aliugua figo kuanzia Januari 2023, akastaafu, akawa akisafishwa damu kila wiki. Februari mwaka huu aliomba apelekwe chuoni, akang'oa kibao kwa mikono yake, akamwambia Bi Rahmo kwamba aibu ilimzuia kwenda Rhamu kumwomba Kowsar msamaha, na kila mwaka ikazidi. Alifariki Jumatatu, tarehe 14 Aprili 2025, akazikwa siku hiyo hiyo baada ya sala ya alasiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotupikia, na walimu wenzake walioshika majembe kaburini.

Siku ya maziko tuliuliza, kama ilivyo desturi yetu, nani anamdai marehemu, na nyote mkasema mmemsamehe. Mdai mmoja hakuwepo. Leo Kowsar amefika, ameketi upande wa kina mama. Dada yetu, jibu lako lilikuwa sahihi, na yeye alilijua. Hatukuombi useme lolote mbele ya watu, na ukikataa kusamehe, hiyo ni haki yako.

Ewe Yahye, tumeyasema uliyoshindwa kuyasema. Mola akurehemu, upumzike.