Wasifu wa Lusia Vedasto Gwaydesh, Dereva wa Kreta Aliyenyimwa Mionzi

Umesomwa na kaka yake, Adrian, Rhotia, tarehe 6 Juni 2025

Baba Paroko, wazee wetu, majirani, na ninyi madereva mliopanda kutoka Karatu: familia imenituma niseme Lusia alikuwa nani na nini kilimpata. La kwanza nitaliweza. La pili tumelielewa kidogo kidogo, mtuvumilie.

Lusia alizaliwa hapa Rhotia tarehe 14 Machi 1993, mtoto wa pili kati ya wanne wa mzee Vedasto Gwaydesh na mama Brigita. Alizaliwa mdogo wa mwili, na kidole gumba cha mkono wa kushoto hakikukua. Bibi alisema kila mtu huja na alama yake. Mdogo wetu Dominiki alikuwa na vidole vyote, lakini mwaka 2007 aliishiwa damu akafariki akiwa na miaka tisa. Hakuna aliyeyahusisha mambo hayo mawili.

Alimaliza shule ya msingi hapahapa Rhotia mwaka 2007 na kidato cha nne mwaka 2011, kisha akasomea uongozaji wa watalii Arusha. Misimu ya mwanzo aliosha sufuria kambini. Mwaka 2017 alikabidhiwa Land Cruiser ya kuwashusha watalii ndani ya Kreta ya Ngorongoro. Aliweka mto kwenye kiti ili aone barabara, na gia aliibadilisha kwa kiganja. Siku yake ya kwanza kwenye geti la hifadhi, askari aliinama dirishani.

"Binti, dereva yuko wapi?"

"Unaongea naye, afande."

"Na yule mtu mzima nyuma?"

"Yule ni mgeni wa Uholanzi. Ukimpa usukani tutalala korongoni."

Tarehe 28 Septemba 2019 alifunga ndoa na Inosenti Naftali, fundi magari wa Karatu. Inosenti alikiri mbele ya padri kwamba gari la Lusia alilichelewesha gereji makusudi, amwone tena. Hawakujaliwa mtoto.

Mwishoni mwa 2022 Lusia alitokwa na kidonda pembeni mwa ulimi. Alipewa dawa ya kusukutua, kisha nyingine, kisha akang'olewa jino lililodhaniwa linamkwaruza. Kidonda kilibaki. Mwezi Februari 2023 alipelekwa hospitali ya rufaa, kinyama kikapimwa, tukaambiwa ni saratani. Tulishangaa. Hakuwahi kuvuta sigara wala kunywa pombe, na hakuwa ametimiza miaka thelathini.

Daktari aliyempokea, dada mmoja aitwaye Hasna, alimaliza kuangalia kinywa akaushika mkono wa kushoto.

"Daktari, ugonjwa uko mdomoni," mama akamwambia.

"Naona, mama. Kuna mtoto wako mwingine aliyewahi kupungukiwa damu?"

Mama alikaa chini. Hatukuwa tumemtaja Dominiki.

Damu ya Lusia ilipelekwa nje ya nchi. Majibu yalisema ana ugonjwa wa kuzaliwa nao, unaitwa Fankoni, ndio uliozuia kidole chake kukua na kummaliza damu Dominiki. Tulivyoelezwa, vinasaba vya mtu huharibika kila siku na mwili huvirekebisha. Mwili wa Lusia haukuweza. Ndiyo maana saratani ilimpata mapema, na ndiyo maana matibabu yake yasingekuwa kama ya wengine. Angepasuliwa, lakini mionzi na dawa kali za saratani madaktari wangeviepuka. Hapo mjomba Patrisi alisimama.

"Wodi nzima wanapigwa mionzi. Wa kwetu tu ndiye wa kunyimwa?"

"Mzee, mionzi huvunja saratani, huvunja na nyama nzima. Wengine hujirekebisha, yeye hawezi. Nikimpa kipimo cha kawaida, mionzi itamuua kabla ya saratani."

"Kwa hiyo dawa ya wengine kwake ni sumu?"

"Kwa kipimo kile, ndiyo."

Mjomba alitoka nje, akazunguka jengo, akarudi akauliza swali lilelile kana kwamba ndiyo kwanza anafika. Daktari akalijibu tena. Lusia ndiye aliyekata shauri: "Nipasueni."

Alipasuliwa mwezi Mei 2023. Sehemu ya ulimi iliondolewa, na tezi za shingo. Alijifunza upya kumeza na kutamka. Jina lake mwenyewe lilimsumbua kuliko maneno yote. Januari 2024 alirudi barabarani, akachukua wageni wa kutazama ndege, kwa kuwa hao hawapendi kelele.

Nyumbani hapakuwa na utulivu. Upande wa baba ulisema ugonjwa umetoka kwenye ukoo wa mama, upande wa mama ukasema umetoka kwenye ukoo wa baba. Wazazi wetu wakaacha kula pamoja. Jumapili moja Lusia aliwakalisha, akasema polepole ili asikike.

"Kila mmoja wenu alinipa nusu ya ugonjwa huu. Nusu moja haimdhuru mtu. Kwangu zimekutana, na kwa Dominiki."

"Mzima na mzima wanazaaje mgonjwa?" baba akauliza.

"Ndivyo ilivyo, baba."

"Sasa sisi tungejuaje?"

"Msingejua."

Baba akamsogezea mama sahani ya makande. Walikula.

Februari mwaka huu saratani ilirudi, safari hii kooni, na haikuwa ya kupasuliwa. Lusia aliomba jambo moja: mdogo wetu Antonia apimwe. Majibu yalifika Mei. Antonia ana nusu moja tu, si mgonjwa. Hatukujua tucheke au tulie. Lusia, ambaye sauti yake ilikuwa imekwisha, alicheka kwa mabega.

Alifariki nyumbani mchana wa tarehe 2 Juni, mama akimshika mkono wa kushoto na baba wa kulia.

Kwa nini nusu hizo zikutane mara mbili katika nyumba moja, na kwa Antonia zisikutane? Daktari Hasna anasema hakuna aliyekosa, imetokea tu. Tumemsikia. Bado tunaulizana.

Ameacha mume, Inosenti, baba na mama, mimi kaka yake, Adrian, mdogo wake, Antonia, mjomba Patrisi, na madereva wenzake wengi.

Mungu aliyemuumba Lusia anamjua kuliko sisi. Ampokee, ampumzishe. Amina.