Wiki ya Nane ya Mzee Yengi

Wachungaji, masheikh, jamaa na majirani, mliotoka Arua mapema na mliotembea kutoka Dranya, asanteni kwa kufika, mimi ni Ritah, mtoto wa kwanza, familia imenipa karatasi hii niisome, na nitaisoma yote, hata pale patakaponichoma.

Baba yetu, marehemu Elias Yengi, alizaliwa tarehe 14 Aprili 1956 hapa Lobule, akasoma shule ya msingi hapahapa kuanzia 1964 hadi 1970, mwaka 1980 akakimbia vita pamoja na wengine kuingia Kongo, na huko Aru, tarehe 9 Julai 1983, akamwoa mama yetu Filda, wakajaliwa watoto wanne, mimi, Juliet, Aliga na Betty.

Tulirudi mwaka 1987, na mwaka uliofuata akapata kazi ya askari wa ghala la tumbaku mjini Arua, akapewa mbwa mkali aliyemng'ata siku ya kwanza, na tangu hapo akawa anawaza ni wapi hasa mbwa huharibikia. Kwetu mtoto wa mbwa hufungwa kamba mpaka akomae, eti akifundishwa mapema atakuwa mpole wa bure, lakini Baba alianza wiki ya nane, siku ileile anapoachana na mama yake, dakika tano tu, kabla ya chakula, kwa kipande cha muhogo na mkono mwepesi, na kwa Kiswahili, kaa, ngoja, kuja, mpaka watu wakacheka kwamba mbwa wa Yengi wanajua Kiswahili kuliko wenyewe wanaowafuga. Waliombishia aliwajibu, "Mbwa iko najifunza siku ile inafika kwako. Kama wewe hapana fundisha, kuku itafundisha yeye," yaani atajifunza kukimbiza kuku.

Kuanzia 1996 mpaka mwaka jana alifundisha mbwa zaidi ya mia mbili, na mchana wa joto ungemkuta amesinzia kitini, mtoto wa mbwa amelala juu ya miguu yake, wote wawili wakitikisika kidogo kwa ndoto, nasi watoto tukipita kwa kunyata, maana tuliamini wanaota pamoja, na mimi bado naamini.

Tarehe 1 Januari mwaka huu wa 2025 mbwa wake alizaa mtoto mmoja tu, na tarehe 17 Februari ugonjwa wa figo ukamlaza Baba hospitali ya Kuluva, akaniomba jambo moja, kwamba tarehe 26, atakapotimiza wiki nane, nimwanzishe masomo huyo wa mwisho. Siku hiyo nilijiambia, Baba anaondoka, mbwa ni nini, nikamwacha kwenye kamba, na Baba alipouliza nikasema ameanza, naye akafurahi sana, na kwa siku sita nikamsimulia masomo ambayo hayakuwepo, leo amekaa, leo amengoja, naye alifumba macho akayaona.

Tarehe 4 Machi, saa mbili asubuhi, aliinua mkono kutoka kwenye blanketi, kiganja kikitazama chini, akasema polepole, "Kaa," na mimi, mama wa watoto watatu, nikakaa ukingoni mwa kitanda, akatabasamu, akalala, hakuamka tena.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Kuluva, jirani yetu Rabia aliyepika uji kila siku bila kuombwa, na walinzi wenzake wa Arua waliobeba jeneza.

Mtoto wa mbwa yuko pale mlangoni pa jikoni, ana wiki tisa na siku moja, bado hana somo hata moja ila la kuku, na tukimaliza kuzika, kabla sijatia kitu mdomoni, nitamfungua kamba mbele yenu nyote na muhogo mkononi. Pumzika kwa amani, Baba, leo sikudanganyi.